Diski Isiyo na Jina

Jumatatu, 13 Novemba

Mvua tangu alfajiri. Nimepunguza majani makavu ya migomba upande wa kisima mpaka tope likanishinda. Nikarudi. Chai, viazi, kisha karakana kama kawaida. Simu mbili za kubadilisha kioo na redio ya mchungaji. Redio ilikuwa na mende tu. Nimemtoa, imeimba.

Halafu kompyuta. Ile ya zamani imekufa kweli, radi ya wiki iliyopita imeunguza bodi yote. Kasha nililoletewa kutoka Bukoba ni jipya kwangu tu, huko limefanya kazi za ofisi mpaka likachokwa. Silidharau. Na mimi nilitumika Mwanza mpaka nikachokwa, ndipo nikarudi Igurwa kwenye kibanja cha baba.

Diski ya sauti, ya rekodi ninazochukua huku na huku, ilipona radi. Hilo ndilo la muhimu. Humo ndimo alimo mama mkwe.

Nimeweka mfumo mpya wa Linux kwenye kidiski kidogo. Imekubali bila kelele. Diski ya sauti ni ya kizamani, tundu lake halipo kwenye bodi za siku hizi, kwa hiyo nimeifunga kwenye kadi yake, kadi nikaichomeka kwenye bodi. Nikawasha. Mfumo umeamka vizuri. Diski haipo. Naisikia kabisa ikizunguka, lakini mfumo unasema hapo hapana kitu.

Sina wasiwasi. Ni draiva tu, programu ya kuongea na kadi. Send-off ya binti yetu Kemilembe ni Jumamosi ya wiki ijayo, muda upo.

Jumanne, 14 Novemba

Mke wangu Adelina kaniuliza mara tatu kama wimbo upo. Nimemjibu upo. Mara ya tatu nimemjibu kwa ukali. Sikupenda nilivyomjibu.

Niandike hapa wazi, nisijidanganye kwamba hii ni kazi kama zile za vioo vya simu. Kwao mke wangu, bibi mzaa mama ndiye anayemtoa bibi harusi nyumbani. Anamshika kichwa, anamwimbia wimbo unaotaja visima na vilima vya kwao kimoja kimoja, ili aende akijua alikotoka. Adelina aliimbiwa. Dada zake wote waliimbiwa. Bila wimbo ule, wanasema, mtoto ameondoka kama mtu aliyekwenda dukani.

Sasa mama mkwe hana sauti. Alikuwa na rovu shingoni, akapasuliwa, akapona. Daktari alimwonya mapema kwamba sauti inaweza kupungua, naye akajibu bora apumue. Anapumua. Sauti imebaki mnong'ono. Kabla hajaenda hospitali nilimrekodi, siku kadhaa mfululizo, kule kwake Kamuli. Nyimbo za harusi, za kubembeleza watoto, hadithi, kila alichotaka.

Shangazi yake Kemilembe amejitolea kuimba. Kemilembe kakataa. "Namtaka bibi," kasema, basi. Huyu mtoto ana kichwa kigumu. Sijui kakitoa wapi, mama yake anasema anajua.

Kwa hiyo ni diski moja, na wimbo mmoja ndani yake. Nakala hakuna. Simu iliyokuwa na nakala ilitumbukia kisimani.

Kazi ya leo: nimeuliza mfumo uniorodheshee vifaa vyote. Kadi inaonekana, hata jina lake la kiwandani limeandikwa. Ila mbele yake hakuna draiva. Mfumo unaijua kadi, lakini hakuna aliyeambiwa azungumze nayo. Ni sawa na mgeni aliyepiga hodi, wote wamemsikia, hakuna aliyenyanyuka.

Jumatano, 15 Novemba

Imeonekana.

Draiva ilikuwepo muda wote, imelala ndani ya mfumo. Kadi hizi ni za zamani mno, kwa hiyo mfumo mpya wenyewe hauiamshi draiva yake mpaka uitaje kwa jina. Nilisoma maelezo kwa simu nikiwa nimesimama kilimani karibu na kanisa, kwani mtandao wa karakana leo haukufaa hata kupangusia meza. Nimerudi, nimeandika amri ya mstari mmoja, taa ya diski ikawaka.

Mfumo huzipa diski za namna hii herufi. Leo asubuhi nilikuwa nimeshafunga na diski tupu ya kuwekea nakala, nimeinunua Kayanga, imetumika lakini nzima. Hiyo imekuwa a. Ya sauti, iliyokuja nyuma, imekuwa b. Nimeandika kwenye faili la mipangilio: kila ukiwaka, chukua b, ifungue, iweke kwenye folda ya sauti.

Nikapiga wimbo. Adelina alitoka jikoni mbio, mikono ina maganda ya ndizi, akasimama mlangoni akalia. Kemilembe akaja, naye akalia. Mimi nilijifanya nakaza skrubu.

Siku nzuri sana. Nimekula ebitoke, ndizi zetu za kupikwa, na maharage sahani mbili.

Alhamisi, 16 Novemba

Umeme umekatika mara nyingi. Kila ukirudi, kadi inasahauliwa upya na mimi naandika amri ile ile upya. Inaudhi. Siwezi kusimama mbele ya wakwe wa Mabira, watu wameacha ng'ombe zao wakaja, halafu nikaanza kuandika amri.

Kwa hiyo nitafanya iwe ya kudumu. Jina la draiva litawekwa kwenye orodha ya zile zinazoamshwa mwanzo kabisa, mfumo unapofungua macho.

Wanaume wa jirani wamekuja kukata ndizi za rubisi, pombe ya sherehe. Zitaivishwa kwenye shimo, zikamuliwe wiki ijayo. Wamenicheka kwamba nimejifungia na vyuma siku ya kukata ndizi. Wacha wacheke. Wakati wa kuonja nitakuwepo.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimemaliza. Jina la draiva nimeliongeza kwenye faili lake. Nimetengeneza upya ile sehemu ya mfumo inayopakiwa kwanza, maana ukiandika jina bila kuitengeneza upya unajifurahisha tu. Nimezima. Nimewasha. Diski zote mbili zipo, bila amri, bila kubembeleza. Nimezima na kuwasha tena kwa raha tu.

Nimejisikia fundi. Si kila siku mtu anajisikia hivyo. Nimemweleza Adelina, akasikiliza mpaka mwisho, akaniambia hongera, akaniomba nikamsaidie kubeba kuni. Nimebeba.

Kesho naifomati ile diski tupu, nanakili kila kitu, nalala usingizi.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimeifuta.

Nimefomati diski ya sauti. Si ile tupu. Ya sauti.

Sitaki kuandika zaidi.

Jumapili, 19 Novemba

Kanisani nimesimama na wenzangu wa besi kwenye kwaya, sikutoa sauti. Nilimwambia Adelina tukiwa njiani kurudi, kwenye ule mteremko wenye miti ya kahawa, kwa sababu njiani mtu hawezi kukaa chini akalia. Tulifika nyumbani. Akavua viatu vya kanisani. Kisha akauliza, "Imekwisha kabisa, au bado kuna kitu?"

Nimesema huenda kuna kitu. Ni kweli. Kufomati ni kuondoa mlango na vibao vya vyumba, vilivyomo ndani havijatoka. Ila mtu akiandika chochote juu yake, ndiyo basi. Niling'amua haraka, nikachomoa waya. Hakuna kilichoandikwa juu yake.

Nimejua ilivyotokea. Niandike.

Draiva ya kadi ilipokuwa inaamshwa kwa mkono, diski ya sauti ilikuja ya mwisho, ikaitwa b. Nilipoifanya iamshwe mwanzo kabisa, ikaja ya kwanza. Ikawa a. Ile tupu ikawa b. Herufi ni za foleni tu, anayefika kwanza ndiye a. Najua jambo hili. Nimewahi kuwafundisha vijana jambo hili, Mwanza, ubaoni, kwa chaki. Juzi nilitazama kwamba zipo mbili, sikutazama nani ni nani, na jana nikafomati a.

Mashine ilinionya. Ilisema diski hii ina kitu cha zamani, una hakika? Lakini hata ile tupu ilikuwa na kitu cha zamani cha mwenyewe wa Kayanga. Nikajua ndicho inachosema. Nikasema ndiyo.

Kama diski ingekuwa na lebo, yaani jina lililoandikwa ndani yake, onyo lingelitaja. Diski zangu zote zina lebo. KWAYA. HARUSI. MNADA. Hii moja tu haina.

Haina kwa sababu ni ya mama mkwe. Jina lake silitamki. Sijalitamka tangu nilipooa, na sitalitamka. Hatukutani uso kwa uso, ndiyo desturi yetu, yeye akija kwa mlango wa mbele mimi natoka kwa wa nyuma. Sijawahi kukaa naye chumba kimoja. Namjua kwa kikohozi, kwa mwendo, na kwa pindo la kitenge likipotea kwenye kona ya nyumba. Hata siku za kurekodi, Adelina alikaa naye ndani na kipaza sauti, mimi nilikuwa nje ya dirisha na kompyuta juu ya pipa. Sasa nimwandike jina kwenye chuma? Ningeweza kuandika MAMA MKWE. Hata hilo niliona ni kama kumwita. Nikaiacha bila jina kwa heshima.

Na kwa kuwa haikuwa na jina, kila rekodi iliyokosa nafasi kwenye diski nyingine niliitupia humo humo. Minada, mikutano, ibada, watoto wanaopiga makelele.

Najiona mjinga. Mjinga mwenye adabu.

Jumatatu, 20 Novemba

Kuna programu inayopita kwenye diski iliyofutwa, kipande kwa kipande, ikitafuta vitu vyenye umbo la sauti. Inavichukua na kuvimwaga kwingine. Haiwezi kurudisha majina ya faili wala folda. Majina yalikuwa kwenye vibao, na vibao nimeving'oa mimi.

Kabla ya kuianzisha nilikagua diski zote mbili kwa namba zake za kiwandani, zile zilizobandikwa mgongoni. Nikakagua tena. Nikamwita Adelina akanisomea namba moja moja huku mimi nikitazama kioo. Hajui ni za nini lakini alizisoma polepole na kwa sauti, kama anasoma Neno. Ya sauti nimeifungua kwa kusomwa tu, haiwezi kuandikwa. Vitu vinamwagwa kwenye ile tupu.

Imeanza. Inakwenda taratibu. Nimeiunganisha na betri ya sola umeme ukikatika isijali.

Adelina amepanda bodaboda kwenda Kamuli. Amesema mama yake lazima ajue kutoka kwake kabla hajasikia kwa watu. Sikumzuia. Nimeogopa siku nzima. Nimepalilia kahawa ambayo haikuhitaji kupaliliwa.

Jumanne, 21 Novemba

Amerudi mchana. Ameshuka kwenye pikipiki anacheka, nikajua bado nina ndoa.

Alimweleza mama yake yote. Radi, kadi, herufi, lebo. Mama mkwe alisikiliza, na masimulizi yalipofika pale kwenye lebo akacheka mpaka akashika ubavu. Cheko lake siku hizi halina sauti, linatikisa mabega tu. Kisha akanong'ona, na Adelina amenirudishia neno kwa neno: "Waitu, kumbe huyu mtoto wa watu amenificha mpaka akanipoteza. Mwambie anipe jina. Kuandika si kutamka. Na mashine haina mdomo wa kwenda kunisengenya."

Kisha akauliza kama nakula vizuri. Kila mara anauliza hivyo.

Nimefarijika mno. Hata hivyo wimbo bado haupo.

Programu imemaliza. Mafaili ni rundo, yana namba tu. Mengine yamekatika katikati, mengine ni kelele tupu. Njia ni moja. Nivae spika za masikioni, nisikilize.

Jumatano, 22 Novemba

Nimesikiliza mchana kutwa. Masikio yamekuwa mekundu.

Nilidhani itakuwa adhabu. Haikuwa. Nimesikia mnada wa ng'ombe wa Mabira, dalali anasifu fahali mpaka nikataka kumnunua. Nimesikia kwaya yetu ikijifunza wimbo wa Pasaka, sauti ya kwanza imepotea na mwalimu anapiga meza kwa hasira. Nimesikia mvua juu ya bati, muda mrefu, hakuna mtu. Nimesikia Kemilembe akiwa darasa la sita anasoma shairi la shule na kukosea mstari ule ule kila akirudia. Nikamwita aje asikie. Akaziba uso.

Mama mkwe hayumo. Nimepita zaidi ya nusu.

Senene wameshuka. Kijiji kizima kiko nje na ndoo. Adelina na binti yetu wamejaza gunia dogo, sasa wanakaa jikoni wanang'oa mbawa na kucheka. Wataliwa kwenye send-off. Nilikaa nao kidogo nikang'oa mbawa. Nilifurahi. Kisha nikakumbuka, nikarudi karakana.

Alhamisi, 23 Novemba

Leo asubuhi kwanza nilipata mtu anaimba wimbo ule. Nikaruka kitini. Si yeye. Ni mwanamke mwingine, kwenye harusi fulani, vilima vingine. Nikakaa.

Mchana nimempata.

Faili la kwanza ni la kubembeleza mtoto. Limekatika mwisho. La pili ni hadithi ya sungura, zima. La tatu lilianza kwa kuku, mlango, Adelina anasogeza kiti. Nililijua mara moja. Ni siku ya wimbo.

Zamani nilipotengeneza nakala safi ya wimbo nilikata mwanzo, nikaacha pale anapoanza kuimba. Sikuwahi kusikiliza mwanzo wenyewe. Siku ile nilikuwa nje napambana na waya, sikuwa na spika masikioni. Nakala safi haikurudi. Iliyorudi ni hii mbichi, na mwanzo wake wote.

Kabla ya kuimba anazungumza na Adelina kwa Kinyambo. Anamuuliza mume wako yuko wapi. Adelina anasema yuko nje, dirishani. Anasema, "Kwenye jua lote hili?" Adelina anasema ndiyo, mama. Anasema, "Basi niimbe vizuri, asirudie rudie, ataungua." Kisha anakohoa, na anaanza.

Anaimba mpaka mwisho. Hakuna kilichokatika. Kisima cha kwanza mpaka kilima cha mwisho.

Nimelia. Naliandika hivyo hivyo. Mtu mzima, fundi, baba wa bibi harusi, nimelia kwenye meza ya kazi juu ya vioo vya simu za watu.

Ijumaa, 24 Novemba

Nakala ziko tatu sasa. Diski ya Kayanga, simu ya Adelina, simu ya Kemilembe. Diski ya zamani nimeitoa, nimeifunga kwenye kitambaa, imepumzika.

Faili la mipangilio nimelirekebisha. Hakuna a wala b tena. Nimeandika: tafuta diski yenye jina hili, popote itakapochomekwa, ifike ya kwanza au ya mwisho. Nikafika kwenye kuipa diski jina. Vidole vilikataa kidogo. Nikatoka nje nikanywa maji, nikarudi nikaandika, herufi moja moja, jina la nyumbani la mama mkwe, nikiwa nimeinamisha kichwa kama mtu anayesalimia. Nikabonyeza. Nikazima, nikawasha. Mfumo umelipata.

Hapa kwenye shajara sitaliandika. Ruhusa ilikuwa ya mashine.

Ndizi za rubisi zimekanyagwa. Nimeonja. Wakwe wamepiga simu, wanakuja asubuhi na ng'ombe wawili zaidi ya walioahidi. Mama mkwe amefika jioni, nimepisha kwa mlango wa nyuma. Nyumba imejaa wanawake. Nalala karakana kwa amani.

Jumamosi, 25 Novemba

Nimechoka, naandika kwa ufupi.

Turubai halikuvuja. Watu wengi, chakula kilitosha, senene waliisha kabla ya pilau. Hotuba ya mjomba ilikuwa ndefu, haikumuudhi mtu.

Wakati wa wimbo nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko pamoja na mashine, maana mama mkwe alikuwa mbele na bibi harusi. Sikuona kitu. Nilibonyeza tu.

Sikukata mwanzo. Nilifikiri sana, nikauacha. Ukumbi wote ukasikia kuku, kiti, na habari za mtu anayeungua juani dirishani. Wazee wa Kamuli wakacheka. Wakwe wa Mabira, ambao Kinyambo chao na chetu ni kile kile, nao wakacheka. Mtu akaniita kwa sauti kutoka kule mbele, "Mkwe, umeshapoa?" Kisha wimbo ukaanza.

Adelina amenisimulia. Mama yake alimshika Kemilembe kichwa kwa mikono miwili, na midomo yake ilikwenda pamoja na spika toka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata kilima. Kemilembe hakulia. Alifumba macho, akasikiliza. Wimbo ulipoisha alinyanyuka, akatembea hadi kwenye gari bila kugeuka, kama inavyotakiwa.

Nilitoka nyuma ya jiko gari likiwa limeshashika barabara ya Kyerwa, kwa wakwe. Nimelikosa. Sikujali sana. Aliimbiwa.

Jumapili, 26 Novemba

Nyumba kimya. Kemilembe amepiga simu asubuhi. Amelala vizuri, ng'ombe wana kelele, maziwa mpaka basi. Ana furaha. Mimi pia nina furaha. Nimeumia kidogo, kawaida.

Mama mkwe alikuwa aondoke baada ya ibada. Hajaondoka. Adelina amekuja dirishani kwangu na ujumbe: mama anataka kuisikia sauti yake ya zamani. Si wimbo wa jana tu, rekodi zote zilizopatikana. Tangu nimrekodi, hadi jana hakuwahi kuisikia hata mara moja. Nikasema nitamwekea kwenye simu asikilize kule ndani kwa raha. Adelina akatikisa kichwa. Mama yake amekwishatandika mkeka nyuma ya karakana, ameegemea ukuta.

Nikageuza spika nikaielekeza ukutani. Nikapiga faili la kwanza.

Ukuta wa karakana ni tofali moja la kuchoma. Yeye kwa nje, mimi kwa ndani. Nilipiga wimbo wa mtoto, ule uliokatika mwisho. Ulipokatika sikujua nifanye nini. Nikasubiri. Kikaja kikohozi ninachokijua, nikaelewa niendelee. Nikapiga hadithi ya sungura. Nikapiga nyimbo za kupalilia. Kuna moja anasahau maneno katikati na kuangua kicheko kikubwa, sauti ile ya zamani inayofika barabarani. Ilipofika pale nikasikia mkeka unatikisika upande wa pili.

Kila moja ikiisha nilingoja kikohozi. Adelina alikuwa jikoni anamenya ndizi, hakuja. Hakuna mtu aliyekuja.

Mwisho nikapiga wimbo wa Kemilembe. Ukaisha. Kikohozi hakikuja. Baadaye kidogo akagonga ukuta kwa kidole, taratibu, mara mbili. Nikaupiga tena.

Hatujawahi kukaa pamoja muda mrefu namna hii, mimi na yeye.

Manyunyu yalipoanza akasimama, akakung'uta kitenge, akakunja mkeka. Nikasubiri mpaka hatua zake zilipoingia jikoni, ndipo nikazima mashine.